Duara la penseli: ninavyokwepa anga lililofungwa kwa muda

Miezi mitatu baada ya kupata leseni ya urubani binafsi nilinusurika kuingia kwenye eneo la anga lililofungwa, na notamu yake, yaani tangazo rasmi la tahadhari kwa marubani, nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeinakili hata kwenye daftari la safari: limefungwa kuanzia 0900 hadi 1300. Nikaruka saa saba na dakika kumi mchana, nikiwa na hakika kwamba njia iko wazi.

Saa za notamu ni za UTC, saa rasmi ya kimataifa, dunia nzima. Nilikokuwa, saa za ukutani zilitangulia UTC kwa saa mbili, kwa hiyo ile 1300 ilikuwa saa tisa alasiri. Nililijua hilo darasani na nilijibu vizuri swali lake kwenye mtihani. Lakini sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunabeba saa tatu kichwani: ya UTC, ya ukutani na ile tunayoitamka. Nilipoona 1300 nikasema moyoni "saa saba", nikafunga daftari.

Aliyeniokoa ni mwongozaji wa ndege. Aliniuliza kwa sauti ya utulivu nilikuwa naelekea wapi, kisha akaniambia eneo lililo mbele yangu bado limefungwa. Nilikuwa nimebakiza maili nne za baharini. Kwa kasi yangu ya maili 100 kwa saa, hizo ni dakika mbili na nusu hivi. Nikakata kulia papo hapo. Mle ndani kulikuwa na ndege za maonyesho zikipinduka na kupanda wima, na marubani wake waliamini kwamba hakuna mwingine angani. Mpaka leo wazo hilo hunisumbua kuliko wazo la kunyang'anywa leseni.

Ugumu wa maeneo haya ni kwamba hayamo kwenye ramani. Eneo la kudumu la jeshi limechapishwa, utaliona hata usipolitafuta. La muda linazaliwa leo kwa sababu ya moto wa msituni, maonyesho, kurushwa kwa roketi au msafara wa kiongozi, na kesho halipo. Nchini Marekani, rais anaposafiri, kwa kawaida huwekwa duara la nje la maili 30 na la ndani la maili 10, nayo huhama anapohama. Rubani mdogo akiingia humo bila ruhusa anaweza kujikuta na ndege ya kivita ubavuni. Ndiyo maana nilijifunza upya ishara za kimataifa za kuzuiwa angani: ikitikisa mabawa, nawe utikise yako uifuate, na uite kwenye masafa ya redio ya dharura, megahezi 121.5.

Baada ya siku ile nilinunua bikari. Kila notamu inayogusa njia yangu naichora kwenye ramani ya karatasi kwa penseli: kitovu kwa latitudo na longitudo, kisha nusu kipenyo kwa maili za baharini. Pembeni ya duara naandika saa mara mbili, ya UTC na ya ukutani, kwa tarakimu nne zote, bila kuzitamka. Tableti yangu pia huchora maduara, tena mekundu yanayoonekana vizuri, na naitumia. Ila inaonyesha kile ilichopakua mara ya mwisho. Na mkono unapochora unalazimika kusoma kila namba, kazi ambayo jicho huiruka.

Kimo nacho kina mtego wake. Kuna kikomo kinachohesabiwa kutoka usawa wa bahari na kingine kutoka ardhini. Futi 3,000 juu ya ardhi, kwenye kilima cha futi 2,000, ni futi 5,000 kwenye altimeta yako. Mimi sipiti juu ya eneo lililofungwa hata kama hesabu inaruhusu. Wingu moja au hitilafu ya injini itanishusha kulekule nilikokukimbia. Nazunguka.

Na kuzunguka ni rahisi ajabu, natamani ningefundishwa hesabu hii mapema. Chukua safari ya maili 120 yenye duara katikati kabisa. Badala ya kunyoosha, lenga nukta iliyo maili 15 kando ya kitovu, kisha kutoka hapo elekea uendako. Safari nzima inakuwa maili 123.7. Zimeongezeka maili chini ya nne, yaani dakika mbili na kitu, na kwa ndege yangu ni chini ya lita mbili za mafuta. Tunaojibana ukingoni kwa kuogopa hasara tunaogopa kitu ambacho hakipo.

Safari iliyonithibitishia hayo ilikuwa ya urefu huohuo. Usiku notamu hazikuwa na kitu. Asubuhi, dakika 40 kabla ya kuruka, nikasoma tena, ikawepo mpya: ndege za kuzima moto, duara la maili nane, karibu katikati ya njia yangu. Nilishajaza mafuta na abiria wangu alishafunga mkanda. Nikamwomba asubiri, nikatoa bikari. Nikachagua kupita maili 15 kutoka kitovuni, upande upepo unakotoka, ili moshi uende mbali nasi.

Hewani niliita kituo cha taarifa za safari mapema, nikiwa bado mbali, nikataja eneo lenyewe na njia niliyokusudia. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi: moto umevuka barabara, eneo limepanuliwa hadi maili 12. Nikatazama ramani pajani. Mstari wangu ulikuwa bado nje, kwa zaidi ya maili mbili. Ningekuwa nimepanga kulamba ukingo wa maili tisa, ningekuwa nahangaika kugeuza ndege huku nikisoma latitudo.

Kwa mbali, chini ya moshi, tuliona ndege ya zimamoto ikiinama na kumwaga maji juu ya mteremko, kisha ikapanda kwa nguvu kuja upande wetu kabla ya kugeuka. Abiria wangu aliniuliza kama wale wanatuona. Nilimjibu kwamba hawahitaji kutuona.

Tulipotua nilisoma tena notamu kwa ajili ya kurudi. Ile ya asubuhi ilikuwa imefutwa na nyingine yenye alama ya R, ya kuchukua nafasi yake. Nikafuta duara la nane, nikachora la kumi na mbili, na pembeni nikaandika saa zote mbili.