Hela ya LTD sio ya mkurugenzi, na dili la LTD pia sio lake

Siku hizi huku Mwanza watu wengi wanaungana wanafungua kampuni za LTD (kampuni zenye dhima ya kikomo) na mimi nafurahi sana kuona hivo. Pale mwaloni Kirumba unakuta watu watatu wanne waliokuwa wanakusanya dagaa kila mtu kivyake saivi wana jina moja, TIN moja, cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), na mmoja wao kapewa ukurugenzi kwa sababu ndo anaeongea vizuri na wateja wa Kongo. Kusajili sio shida tena, unajaza mtandaoni mambo yanaenda. Shida inaanza hela ikishaingia, maana kila mtu anajua ana hisa ngapi ila hakuna aliyekaa nao akawaambia mkurugenzi ana wajibu gani kwa kampuni.

Ukishasajili LTD, kampuni inakuwa mtu wa peke yake kisheria, ina mali zake na madeni yake. Hili lilishaamuliwa Uingereza tangu 1896 kwenye kesi ya Salomon na sheria yetu inasimama hapohapo. Kwa hiyo hela iliyopo benki ni ya huyo mtu, sio ya mkurugenzi wala sio ya mwenye asilimia 80 ya hisa. Akitaka kula atakula kwa mshahara uliokubaliwa au gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) likipitishwa, basi. Mkurugenzi kakabidhiwa amana. Sheria ya Makampuni ya 2002 inamtaka awe mwaminifu na afanye kwa nia njema kwa maslahi ya kampuni, atumie madaraka kwa kazi aliyopewa, awafikirie na wafanyakazi, na awe makini kama anavyotakiwa mtu mwenye nafasi kama yake. Hiyo ya umakini watu wanaipuuza mno. Kuna wakurugenzi wa jina tu, mke wa mtu au mdogo wake kajazwa kwenye fomu, analetewa karatasi anasaini, siku mambo yakiharibika anasema mimi sikujua chochote. Haimsaidii, kukaa kwenye kiti bila kuuliza ndo kosa lenyewe.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki cha dili. Tuseme mpo watatu mnanunua sangara Ukerewe na Igombe, anatokea mnunuzi wa mabondo (vibofu vya sangara) anapiga simu ya kampuni anataka mzigo kila mwezi, na mabondo mnajua bei yake ilivyo ukilinganisha na mnofu, mkurugenzi anaongea nae vizuri kabisa halafu mzigo anaupitishia kwenye kampuni yake nyingine ambayo nyie hamuijui. Akaunti yenu hajagusa hata shilingi. Ukimuuliza anakwambia nimeiba nini sasa? Kaiba dili jamani, simu ile ilipigwa kwa kampuni na yeye aliipokea kama mkurugenzi.

Na sheria hapo ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kuna kesi ya Uingereza ya 1942, Regal (Hastings) dhidi ya Gulliver, majaji wetu hawafungwi nayo ila kesi za namna hii zinasomwa sana. Kampuni ilikuwa na jumba la sinema, ikataka kuchukua mengine mawili kupitia kampuni ndogo, mwenye majengo akataka hiyo kampuni ndogo iwe na mtaji wa pauni 5,000, kampuni kubwa ikawa na uwezo wa 2,000 tu. Wakurugenzi wakatoa za mfukoni mwao kujazia, baadae hisa hizo za kampuni ndogo zikauzwa wakapata faida. Hawakumdanganya mtu, na kampuni yenyewe haikuwa na hela ya kununua zile hisa, lakini bado waliamriwa kurudisha faida kwa sababu waliipata kupitia viti vyao na hawakuomba ridhaa ya wenye hisa. Mwanasheria wao alinunua pia, yeye akabaki na faida yake maana alipewa ruhusa. Kwa hiyo wangeomba kwanza wangekula kwa amani kabisa!

Mwenye hisa wa kawaida hana mzigo huu, anaruhusiwa kupiga kura akiangalia maslahi yake. Ila yule bosi ambae jina lake halipo BRELA kama mkurugenzi lakini ndo anaamua kila kitu, asijidanganye, sheria inaangalia unachofanya, kukosa cheo kwenye karatasi hakumkingi.

Kitu kingine, tafadhali acheni kudownload mikataba ya LLC (aina ya kampuni) za Marekani. Kule kuna LLC inayoendeshwa na wanachama wote na nyingine wanaweka meneja, wajibu unamfuata anaeendesha, na jimbo kama Delaware linawaruhusu kuandika kwenye mkataba kwamba wajibu huu umefutwa, kinachobaki ni kutotendeana kwa hila katika mkataba wenyewe. Sasa mtu anachukua karatasi ile anabadilisha jina anaweka Ilemela, Mwanza, wenzake wanasaini bila kusoma wakidhani wameshamsamehe mkurugenzi kila kitu. Hapa wajibu upo kwenye sheria ya Bunge, haufutiki kwa saini zenu tatu.

Ukishaona umedhulumiwa, jua kwamba anaedai kwa kawaida ni kampuni yenyewe, ndo msimamo wa tangu Foss dhidi ya Harbottle 1843, na kampuni inaongozwa na huyohuyo aliyekula. Ndo maana sheria yetu inampa mwenye hisa njia ya kuomba ruhusa ya mahakama afungue kesi kwa niaba ya kampuni, au alalamike kwamba kampuni inaendeshwa kwa kumuonea, na mahakama inaweza hata kuamuru hisa zake zinunuliwe.

Kesi lakini inakula muda na hela, na sangara hamsubiri mtu. Mkikaa kikao hata cha chini ya mwembe kule Nyegezi, mkurugenzi aseme kabla ya mzigo kuondoka kama ana chake humo, iandikwe kwenye minitsi, wote msaini sikuhiyohiyo, na kopi moja akae nayo yule mwenye hisa ambae sio mkurugenzi.