Kutoka Fuoni hadi Malindi kwa vespa

Anayeishi Fuoni na kufanya kazi Malindi, Unguja, hutenganishwa na ofisi yake na kilomita zisizofika kumi, lakini kilomita hizo hazimwambii lolote kuhusu saa ya kufika. Barabara ikiwa nyeupe, safari ni ya chini ya nusu saa. Asubuhi ya siku ya kazi, ndani ya daladala, safari hiyohiyo yaweza kumaliza saa nzima na zaidi, na abiria hana la kufanya ila kutazama mgongo wa gari iliyo mbele. Nimekuwa mtu wa vespa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo tu, wala si kwa ajili ya kasi. Mashine yangu ya zamani haiwezi kushindana na gari lolote zima. Ninachokipata kwayo ni uhakika wa saa, na kwa mwajiriwa anayesaini daftari la mahudhurio uhakika huo una thamani kuliko kasi.

Foleni yetu ina chanzo kinachoeleweka. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678, na sensa ya 2022 ikawakuta 893,169. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikwenda kujenga katika wilaya za Magharibi A na Magharibi B, yaani Fuoni, Tomondo, Kwarara na kwengineko ambako wazee wetu wanakumbuka mashamba ya mihogo na minazi. Nyumba zilihama, lakini bandari, soko kuu na ofisi nyingi zilibaki palepale pwani. Isitoshe, Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi ambayo nyuma yake ulikuwapo mkono wa bahari. Mkono huo ulifukiwa zamani, ila barabara zinaendelea kuuheshimu kana kwamba maji bado yapo, kwa maana kila anayetoka mashariki hatimaye analazimika kuingilia upande wa Darajani au Mnazi Mmoja. Ujenzi wa barabara za juu Mwanakwerekwe na Amani ulianzishwa ili kuzifungua njia panda mbili zilizokuwa zikitusumbua zaidi, nami naupokea kwa shukrani, ingawa siamini kwamba gari zikipita haraka Amani zitapata pa kwenda zikishafika Michenzani.

Wasioendesha vespa hudhani kwamba hatari iko kwenye foleni. Kwa uzoefu wangu ni kinyume chake. Kwenye foleni gari zimesimama au zinatambaa, madereva wanakutazama kwenye vioo, na kubwa unalopaswa kuliogopa ni mlango unaofunguliwa ghafla na abiria aliyechoka kusubiri. Hatari huanza pale barabara inapofunguka, tuseme baada ya kupita Michenzani, wakati kila dereva anataka kulipiza dakika alizozipoteza. Daladala hukata kushoto kumfuata abiria aliyenyanyua mkono, na anayekuwa kushoto kwake wakati huo ni wewe. Kadhalika vipo vichochoro vya ng'ambo vinavyomwaga mchanga juu ya lami kila mvua inaponyesha. Gurudumu la vespa ni la inchi 10 tu, na shimo ambalo pikipiki yenye gurudumu kubwa hulivuka bila dereva kulihisi, hilo gurudumu dogo hutumbukia ndani yake. Kwa hiyo macho ya mwendeshaji yana kazi mbili kwa wakati mmoja: gari zilizo mbele, na lami iliyo chini.

Udogo wa gurudumu haukutokea kwa bahati mbaya. Aliyeichora vespa ya kwanza kwa kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Aliiweka injini nyuma kando ya gurudumu, akaondoa mnyororo unaochafua nguo, akalishika gurudumu la mbele upande mmoja tu kama magurudumu ya ndege yanavyoshikwa, ili liweze kubadilishwa njiani kwa urahisi, na akaacha nafasi tupu mbele ya kiti. Sidhani kama alizifikiria kanzu na mabuibui, lakini nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha mwalimu wa skuli kupanda bila kupandisha nguo, na mimi kwenda kazini Ijumaa nikiwa na kanzu nyeupe na kurudi nayo ingali nyeupe. Pale penye miguu hukaa pia gunia la mchele, mtungi wa gesi au kapu la samaki, mambo ambayo trafiki akiamua kuyatazama kwa jicho la sheria tutakuwa na mazungumzo marefu.

Mvua ya masika ina hesabu zake. Kuanzia Machi hadi Mei naweka koti la mvua chini ya kiti na naondoka nyumbani mapema, kwa kuwa maji yakijaa Kibonde Mzungu au Mwanakwerekwe hayamwonyeshi mtu shimo lililo chini yake. Nikiona maji yamevuka kitovu cha gurudumu la gari iliyo mbele yangu, nageuza.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi katika mwaka mzima ni nusu saa ya mwisho kabla ya Magharibi katika mwezi wa Ramadhani. Watu wana njaa, wana kiu, na kila mmoja anataka adhana imkute nyumbani. Madereva waliokuwa wapole mwezi wa Shaabani hupita taa kana kwamba hazikuwekwa kwa ajili yao. Siku hizo hubeba tende na chupa ya maji, na adhana ikinikuta Amani nafuturu hapohapo pembeni, pamoja na wengine waliofikiri kama mimi.

Kuhusu kuingia na vespa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, najua nitawaudhi wenzangu. Mimi nafika Malindi, naiegesha penye nafasi, na kilichobaki natembea. Vichochoro vile vilipimwa kwa ajili ya watu na punda, na mlio wa injini kati ya kuta mbili ndefu humfikia mgonjwa aliyelala orofa ya pili. Kupiga honi kwenye kona ili mama aliyebeba mtoto akupishe si ustaarabu, hata kama desturi imeshaizoea.

Skuta za umeme nazo zimeanza kuuzwa, na vijana ofisini wananishawishi. Nimewauliza betri inavumiliaje maji ya Kibonde Mzungu na fundi gani wa Fuoni atakayeifungua ikigoma, na hakuna aliyenijibu. Kwa hiyo mwezi huu pia nimepita sheli, nimeweka petroli na kuichanganya na oili kwa kipimo chake cha mililita 20 kwa kila lita, na nimemwachia fundi kebo ya klachi aibadilishe kabla masika hayajaingia.