Aliyeketi Gizani Mlangoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne tulichelewa mazoezi ya kwaya. Tulifika nyumbani saa tano kasoro usiku, nikapiga honi mara mbili, geti kimya. Mara ya tatu nikamsikia binti anayetusaidia kazi akihangaika na komeo. Alikuwa amesinzia juu ya ndoo aliyoifudikiza kando ya geti, khanga kichwani, gizani, maana luku ilikwisha tangu jioni na mimi ndiye niliyesahau kununua. Ana miaka 16. Nikamgombeza. Kisha nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikasali, nikapanda kitandani.

Usingizi ulikataa. Wiki hiyohiyo nilikuwa nikisoma habari za Uingereza enzi za Malkia Victoria, nikijiandaa kwa somo la vijana, na kuna mtoto mmoja aliyekataa kunitoka kichwani. Mwaka 1840 iliundwa tume ya kuchunguza kazi za watoto. Wakaguzi wakashuka hadi kwenye migodi ya makaa ya mawe, wakawauliza watoto wenyewe, na mwaka 1842 taarifa ikatoka. Humo yumo Sarah Gooder, miaka 8, wa mgodi wa Gawber kule Yorkshire. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya ardhi kando ya mlango, kuufungua vigari vya makaa vikipita, na kuufunga. Alishuka saa kumi alfajiri, akatoka saa kumi na moja jioni. Alisema hana taa na anaogopa. Akiwa na mwanga huimba, gizani hathubutu.

Walipomuuliza habari za Yesu, alijibu kwamba amemsikia mara nyingi. Hajui kwa nini alikuja duniani wala kwa nini alikufa, ila anajua alikuwa na mawe ya kulazia kichwa.

Wapendwa, niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mtoto asiyejua somo lolote la wokovu alimjua Bwana kwa pale tu walipofanana: pa kulaza kichwa. Sisi tunaojua sura na mistari tunapiga honi.

Aliyesimama Bungeni kwa ajili ya watoto wale ni Ashley, ambaye baadaye aliitwa Lord Shaftesbury. Muswada wake ulitaka wavulana wasishuke mgodini kabla ya miaka 13. Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge lao, walimokaa wenye migodi, likashusha mpaka miaka 10. Hata hivyo sheria ikapita mwaka uleule wa 1842, na wanawake na wasichana wote wakatolewa chini. Sheria ya kazi viwandani isizidi saa kumi kwa siku aliihangaikia tangu 1833; ilipopita mwaka 1847 yeye hakuwamo hata Bungeni. Hayo tutayaongea siku nyingine.

Linalonichoma ni la dohani, lile bomba la kutolea moshi nyumbani. Tangu 1840 sheria ilikataza kijana yeyote chini ya miaka 21 kupandishwa ndani ya dohani kufagia masizi. Brashi ndefu za kufanya kazi ile zilikuwepo. Lakini wenye nyumba walihofia mazulia yao, wakaendelea kuwaita watoto. Ikaongezwa sheria nyingine mwaka 1864, hali ikawa ileile. Mwaka 1875 mtoto George Brewster alipandishwa dohani la hospitali moja huko Fulbourn, karibu na Cambridge, akakwama, akafa. Ndipo Shaftesbury akapata sheria yenye meno. Miaka 35! Na nyumba zile hazikuwa za wapagani. Zilisomwa Biblia asubuhi na jioni.

Basi niseme nasi. Tunaijua sheria inayomlinda mtoto asitumikishwe. Tunamjua Yakobo anayesema vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Na bado tunasema, "Afadhali yuko kwangu, kwao hata chakula hakuna." Wenye migodi nao walisema familia zile zitakula nini. Mama mpendwa, mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi? Baba, analala wapi, chumbani au jikoni? Anakwenda ibadani, au Jumapili ndiyo siku ya kufua? Usinijibu mimi. Mimi mwenyewe nilikuwa nadaiwa miezi miwili.

Na huyo Shaftesbury, unajua nani alimfundisha kusali? Si mama yake, si askofu. Ni Maria Millis, mtumishi wa nyumbani kwao, aliyempakata na kumsomea habari za Yesu kabla hajafikisha miaka kumi. Alipofariki alimwachia saa yake. Mheshimiwa yule aliivaa maisha yake yote, na akiulizwa, alisema amepewa na rafiki bora kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Jumatano asubuhi nilimwomba binti msamaha, mbele ya wanangu. Aliangalia chini, akaendelea kukoroga uji. Mshahara nimelipa, ufunguo wa geti nimechonga, na saa tatu usiku anakwenda kulala.

Jumapili baada ya ibada naomba tubaki kidogo nyuma ya kanisa, sisi wenye mabinti majumbani. Kila mmoja aje na daftari lake la mishahara. Kama huna daftari, njoo hivyohivyo.