Jinsi tulivyoliokoa baraza la duka la zamani, Jinja

Nikiwa mshauri mdogo wa mipango miji katika shirika la kuhifadhi majengo ya kale, nilipewa faili la duka moja la mjini Jinja, Uganda, lililojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi enzi za ukoloni. Mwenyewe aliomba kulibomoa ajenge ghorofa. Niliandika pingamizi la kurasa sita, vifungu vya sheria tupu. Halikusaidia kitu.

Nikaenda kumwona. Tuliongea Kiswahili, maana Kisoga sikijui. Kumbe mzee alitaka vyumba vya kupangisha tu, na ukuta wa mbele ulikuwa umemchosha: kila mvua, madoa na rangi kubanduka. Nikaugonga. Mtu alikuwa amepiga saruji juu ya plasta ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea. Inaniuma sana kuona jengo zuri likihukumiwa kwa kosa la ukarabati! Mafundi waliibandua saruji taratibu, wakarudishia chokaa.

Kisha nikapima kiwanja. Ua wa nyuma ulikuwa mtupu. Nikachora ghorofa huko, baraza na nguzo za mbele zibaki. Kamati ya mipango ikapitisha. Wapangaji sasa huingilia lango la pembeni, na fundi cherehani bado anashonea barazani.