Punje Mbili za Maharage
Jioni moja ya mwaka 2018, Katoyi, Goma. Umeme umekwenda, kompyuta imezimika, na kesho yake asubuhi mafundi wanangoja waonyeshwe pa kuchimba misingi ya matangi mawili ya maji. Hesabu ikafanywa kwa mkono: karatasi ya miraba, kila mraba mita 100, na punje mbili za maharage badala ya matangi.

Avenyu, yaani mitaa midogo, zilikuwa nne, kila moja nyumba 40, kwenye pembe nne za mstatili wa mita 400 kwa 200. Maswali mawili yalikuwa yamefungana: tangi likae wapi, na avenyu gani ichote kwenye tangi lipi. Ukiyabeba yote mawili kwa pamoja yanakutoa jasho. Ukilituliza moja, la pili linavunjika vipande vidogo. Matangi yakitulia, kila avenyu inachagua lililo karibu, haimwulizi jirani. Avenyu zikishagawanywa, kila tangi linahamia kwenye wastani wa avenyu zake. Kisha unarudi mwanzo. Unapima kwa miraba umbali wa kila avenyu na tangi lake, unazidisha kila umbali kwa wenyewe, unajumlisha. Jumla hiyo haipandi kamwe, na migawanyo ina idadi yenye mwisho, kwa hiyo lazima hesabu itasimama. Umbali ukilingana, avenyu ibaki na tangi lake la zamani. Tangi likikosa avenyu halina wastani. Lipeleke kwenye avenyu iliyo mbali na tangi lake kuliko zote.

Punje tuliziweka kwenye barabara za pande mbili ndefu, kila moja katikati ya upande wake, maana lori la mchanga linafika huko. Tukagawa: hakuna avenyu iliyohama. Tukatafuta wastani: hakuna punje iliyosogea. Jumla 16. Tukasema imekwisha.

Mama mmoja aliyetushikia tochi, mchotaji wa kila siku, akauliza: "Ninyi bapapa, mbona kila mtu atatembea mita mia mbili na bidoni mgongoni?"

Akazichukua punje zote mbili kwa mkupuo, akaziweka katikati ya pande fupi. Kila avenyu mita 100. Jumla 4.

Kosa halikuwa la hesabu. Avenyu peke yake haikuwa na sababu ya kuhama, wala tangi peke yake. Faida ilikuwepo pale tu vyote vinapohama pamoja, na kupokezana hakuoni njia hiyo. Dawa yake ni kuanza upya kutoka sehemu kadhaa. Tulijaribu kuweka punje juu ya avenyu mbili mbili, jozi zote 6: nne zilifika kwenye 4, mbili, zile za upande mmoja mfupi, zikakwama kwenye 16.

Njia hii Stuart Lloyd, mtafiti wa maabara za simu za Bell huko Marekani, aliiandika mwaka 1957, ikachapishwa 1982, naye wala hakuwa akihangaikia maji. Alikuwa anageuza sauti ziwe namba chache.

Wastani nao una hila yake. Avenyu ya nyumba 60 na ya nyumba 20, mita 200 kati yao: wastani unaweka tangi mita 50 kutoka ile kubwa, na miguu inatembea jumla ya mita 6,000. Liweke ndani ya avenyu kubwa, zinakuwa 4,000, ila nyumba 20 zitakuja kukugombeza.

Asubuhi vigingi vikapigwa pande fupi. Lori likamwaga mchanga barabarani, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikaumalizia safari.