Mkono wa Jumapili

Mkono wangu wa kwanza wa bandia niliupata nikiwa na miaka tisa, na kazi yake ilikuwa kanisani na kwenye picha. Nimezaliwa hivi, mkono wa kushoto ukiishia chini kidogo ya kiwiko. Ule wa bandia ulipendeza kwa mbali: vidole vitano, kucha, rangi inayokaribiana na yangu. Ila haukuweza kushika hata chaki. Nyumbani tuliuita mkono wa Jumapili. Siku nyingine zote ulilala juu ya kabati ndani ya mfuko wa rambo, enzi hizo mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku. Sijafika darasa la sita, haukuingia tena. Mtoto anakua, lazima mkono ubadilishwe kila baada ya muda, na hilo hakuna aliyemwambia mama wakati anauza mbuzi wake.

Basi nikaishi na kigutu changu. Ndoo naikumbatia, muhogo naubana kwa magoti namenya. Nikajifunza kushona. Kwenye cherehani, kigutu ndicho kinachoongoza kitambaa upande wa kushoto wa sindano, maana ngozi inahisi: kitenge kikianza kujikunja, najua kabla sijakitazama. Ukinivisha plastiki pale umenifumba macho.

Kilichonirudisha kwa mafundi wa viungo bandia ni baiskeli. Tanga watu wengi wanaendesha, nami nilichoka kulipa bodaboda kupeleka nguo za wateja. Nilikuwa na miaka 26. Fundi aliyenipokea alisomea TATCOT, kile chuo cha Moshi, pale hospitali ya KCMC, kinachofundisha kazi hiyo tangu 1981. Kabla hajapima chochote akaniuliza, "Dada, huu mkono unakwenda kufanya kazi gani?" Nikakosa jibu kwa muda. Kumbe siku zote nilikuwa nikiulizwa rangi.

Nikamwambia: usukani wa baiskeli na mizigo. Tukachagua kulabu ya chuma. Haina uzuri wowote. Mkanda unazunguka mgongoni hadi kwapa la kulia, na waya unatoka hapo hadi kwenye kulabu. Nikisukuma bega mbele, waya unavutika, kulabu inafunguka. Nikilegeza, raba bendi zinaifunga. Nguvu ya kubana inategemea idadi ya raba. Nilianza na mbili, nikaongeza ya tatu baada ya mfuko wa sukari kuniponyoka sokoni. Ya nne niliitoa siku hiyohiyo, bega liliuma mpaka usiku. Breki zote mbili za baiskeli zilihamishiwa kulia. Na kulabu siibani kwenye usukani, naiegesha tu, ili nikianguka ichomoke.

Shida yangu kubwa ni joto. Wiki ya kwanza nilivaa kutwa nzima kwa furaha, kigutu kikatoka harara na kuchubuka pale mfupa unapokaribia ngozi. Nikapaka poda, nayo ikaganda na jasho kama unga uliomwagikiwa maji. Nilikaa siku nne bila kuvaa. Siku hizi navaa soksi ya pamba ndani, ninazo tano, mchana nabadilisha moja. Usiku nafuta ndani ya soketi, ile sehemu ya mkono bandia kigutu kinapoingia, kwa kitambaa chenye maji na sabuni, naiacha kivulini ikauke. Alama nyekundu isiyoondoka ndani ya nusu saa baada ya kuvua, sisubiri ipone yenyewe. Hiyo ni safari ya karakana, soketi ikachongwe kidogo.

Waya ulikatika mwaka wa pili, siku ya mkesha wa Idi, nguo za watu zimejaa dukani. Nikampelekea jirani yangu fundi baiskeli. Akaugeuzageuza, akacheka: "Dada, huu si waya wa breki?" Kweli, ni mfumo uleule, waya ndani ya ganda. Akaufunga mpya, na nimepanda nao miezi mingi.

Mpwa wangu hunionyesha kwenye simu mikono ya umeme inayosikiliza misuli na kukunja kidole kimoja kimoja. Inavutia. Lakini mimi nafua kwa mkono na naishi karibu na bahari. Betri hiyo itakaa wapi?

Mkono wa Jumapili bado ninao. Ndani una sponji, kwa hiyo nimeuweka pembeni ya cherehani nachomekea pini. Wateja wapya hushtuka.