IST ya mzee wa TAZARA

Mwezi wa tatu 2014 ndo niliacha kazi kwenye gereji ya mtu pale Buguruni nikaenda kujitegemea Tabata. Miaka sita nimekaa pale Buguruni, nimeanza kama saidia fundi, kazi yangu kuosha spea kwa petroli, mpaka nikafika kushusha injini peke yangu. Mtaji wangu ulikuwa laki tisa. Mwenye uwanja akataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, nyingine ikaenda kwenye mabati na boksi la spana na jeki, TIN na mambo ya serikali ya mtaa nikayamaliza wiki ile ile, nikabaki na elfu arobaini mfukoni na mti wa mwembe wa kukaa chini yake.

Wiki za kwanza ni oili na breki pedi tu. Afu masika ikaanza, mvua za mwaka ule wa Dar wanaozikumbuka wanazikumbuka, Jangwani ikafungwa, magari hayapiti, mi nimekaa tu nahesabu siku za kodi.

Siku moja mvua imekatika akaja mzee mmoja na Toyota IST, inachemsha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye tairi akawa ananiangalia tu. Nikafungua kifuniko cha oili, ndani kama chai ya maziwa, na kule ekzosi moshi mweupe unatoka wenye harufu tamu ya kulanti ya rejeta, hapo fundi yoyote anajua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, imekwenda. Tukakubaliana ufundi laki na ishirini. Kwangu ilikuwa ndo kazi kubwa ya kwanza na nilikuwa nimeshaipigia hesabu ile hela, nusu kodi, nusu nyumbani.

Nikaenda Kariakoo kuchukua gasketi, siku ya pili jioni gari inawaka, mzee akalipa akaondoka. Nilifurahi sana siku ile, nilinunua nyama nusu kilo nikapeleka nyumbani.

Siku ya kumi na moja mzee akarudi. Gari imevutwa kwa kamba, yeye mwenyewe amekuja na daladala. Nilivyoiona ile kamba tumbo likanikata. Nikajua ananitukana mbele ya watu na mtaa mzima utasikia, na gereji ikishapata jina baya hata haijamaliza miezi miwili unafunga tu. Hakutukana. Aliniuliza swali moja tu: "Zile bolti za hedi umezikaza kwa kipimo gani?"

Nikamwambia kwa mkono mzee wangu, nimezoea, nilitumia spana na bomba nikakaza mpaka nikaona imetosha.

Akasema, "Mwanangu, mkono wako wa asubuhi na mkono wako wa saa nane njaa imekushika ni mikono miwili. Hedi haijui mazoea."

Kumbe alikuwa fundi wa TAZARA, amestaafu, miaka yote amefanya kazi karakana ya treni. Kesho yake akaja na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga, akakifungua taratibu, toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ya chuma, kuukuu lakini inang'aa imepakwa oili. Sikuwa nimewahi kushika toki renchi. Miaka sita kwenye gereji! Bosi wangu wa zamani alikuwa anasema hizo ni za wazungu, na mi nikaamini.

Tukafungua hedi pamoja. Akaweka rula ya chuma juu yake, akapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kwa chini, katikati ikapita kirahisi kabisa, hedi imepinda. Zile hedi za Toyota ni aluminiamu, ikichemsha inapinda, na mi niliirudisha ilivyo bila kupima. Nikaipeleka kuskimu, yaani kusawazishwa kwa mashine, kwa hela yangu, nikanunua gasketi nyingine na bolti mpya 10 kwa kukopa kwa mama ntilie wa pale, yule mama Mungu ambariki, hakuniuliza hata nitalipa lini.

Siku ya kufunga mzee akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha ya mjukuu wake, nyekundu. Akanionesha: unaanzia bolti za katikati unaenda nje, kwanza zote toki nyutoni mita 29, ukisikia "ta!" unaacha, usiongeze hata kidogo. Zikiisha zote unaweka kidoa cha rangi kwenye kila kichwa cha bolti, vyote vinatazama upande wa cheni. Afu unazungusha robo, nyuzi 90, zote kwa mpangilio ule ule, afu robo nyingine. Ukimaliza vidoa vyote 10 lazima vitazame upande wa giaboksi, kama kuna kimoja kimechepuka unakiona hapo hapo kwa macho. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, kila "ta!" namwangalia yeye usoni, yeye anatikisa kichwa kuonesha twende inayofuata.

Tukawasha. Mzee akaenda nyuma akaweka kiganja kwenye ekzosi, akakinusa, akakaa kimya kama dakika kumi hivi anasikiliza ile injini. Hela ya bolti akanirudishia, nikakataa, akaiweka kwenye boksi la spana akafunga kifuniko. Ile toki renchi akasema kaa nayo kwanza mpaka ununue yako.

Jumamosi nikiwa chini ya uvungu wa Noah ya mwalimu mmoja, mteja aliyeletwa na mzee mwenyewe, simu ikaita, ni mzee. "Niko Morogoro," akasema, "nimeacha ikapoa, nimefungua rejeta, maji yapo pale pale tulipoyaacha."

Nikamwambia asante baba. Mikono ilikuwa na oili tupu, nikapangusa simu kwenye ovaroli, nikarudi uvunguni.